Mepitel: bandeji isiyong'ang'ania kidonda

Mwanangu ana miaka 6. Alizaliwa na epidamolisisi bulosa, ugonjwa wa ngozi dhaifu inayotoka malengelenge, ile aina ambayo ngozi inakosa protini iitwayo kolajeni 7 ya kushikiza tabaka la juu na la chini. Mshono wa shati ukimsugua kidogo tu, lengelenge limetoka. Likipona linaacha kovu, na vidole vyake vya mkono wa kushoto vimeanza kushikana.

Miaka 3 ya kwanza tulifunga bandeji ya kawaida ya duka la dawa. Kuibandua ilikuwa kilio kila asubuhi. Nailowesha nusu saa nzima, bado inatoka na ngozi mbichi. Akiona beseni tu, mtoto anatetemeka.

Mepitel ni wavu mwembamba wa silikoni wenye matundu. Unaulaza juu ya kidonda, juu yake unaweka bandeji ya kunyonya majimaji, kisha unazungushia ya kufungia isiyo na gundi. Ya juu naibadilisha ikilowa. Wavu unabaki siku kadhaa. Siku ya kwanza kuutoa aliniuliza, "Mama, umeshatoa?" Nikaenda jikoni nikalia.

Bei ni kali, na huku kwetu sijaipata. Naletewa na dada yangu aliyeko Uingereza. Chukua saizi kubwa ukate mwenyewe kwa mkasi safi, ndogo haitoshi hata goti. Wavu hauponyi ugonjwa: lengelenge jipya bado nalitoboa kwa sindano safi, maana ukiliacha linatanuka. Plasta ya kunata usimbandike kabisa.