Fyuzi nzima, waya umeiva

Seti ya nyaya za amplifaya iliyoandikwa "geji 4, kopa tupu" (geji ni namba ya unene wa waya, ikipanda waya unakuwa mwembamba), niliyoinunua Kariakoo, niliirudisha dukani juzijuzi ganda lake jekundu likiwa limevimba na kunata karibu na kishikio cha fyuzi. Fyuzi yenyewe, ya ampea 80, nzima kabisa, kioo kinang'aa. Muuzaji akaigeuza mara mbili, akanirudishia: "Bosi wangu, fyuzi haijakatika, waya hauna shida. Amplifaya yako ndiyo mbovu."

Fyuzi kubaki nzima huku waya ukiiva ndiyo kasoro yenyewe! Fyuzi ya kwenye betri imewekwa kwa ajili ya waya. Amplifaya ina fyuzi zake ubavuni. Ukubwa wa fyuzi ya betri unafuata mzigo ambao waya unaweza kuubeba, na waya huu ulishazidiwa zamani, fyuzi haina habari.

Geji 4 ya kweli ina kopa ya milimita 21 za mraba. Huu nimeumenya: ganda nene kama mpira wa maji, ndani kuna fungu la nyuzi lenye kipenyo cha milimita 4 hivi. Hiyo ni geji 8, milimita 8 na kidogo za mraba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe, wekundu unatoka, chini ni weupe. Alumini iliyopakwa kopa, ambayo inapitisha umeme kwa asilimia 60 hadi 65 tu ya kopa. Nilipomwonyesha akajibu, "Kwani unafunga mziki au unauza skrepa?" Vijana wake wakacheka.

Haya, tupige hesabu. Amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) ya wati 500 RMS, yaani nguvu ya mfululizo, ufanisi asilimia 75, gari likiwaka volti 13.8, inavuta ampea 48 hivi ukifungulia hadi mwisho. Kutoka boneti hadi buti ni kama mita 5. Geji 4 ya kopa ingepoteza volti 0.2. Huu unapoteza 0.8, na karibu wati 40 zinageuka joto chini ya zulia. Hapo hujagusa maungio, na ni kwenye maungio ganda lilipoyeyuka. Kishikio cha seti hii kinabana waya kwa kiskrubu kimoja. Alumini ni laini. Ikibanwa na kupata joto inasinyaa polepole, skrubu inalegea, kutu nyeupe inaingia, joto linazidi, inalegea tena. Ukaze leo, wiki ijayo unacheza. Dawa yake ni terminali iliyobanwa kwa mashine (plaizi haitoshi) na fyuzi bapa ya kufunga kwa bolti.

Nisiwe mnafiki. Nyaya za RCA zilizomo, zile za kupeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, ni nzuri, hazivumi, ilimradi uzipitishe upande wa pili wa gari, mbali na waya wa betri. Waya wa rimoti, ule wa kuiwasha amplifaya redio ikiwaka, hauna neno. Na alumini si haramu: iuzwe kwa jina lake, upande saizi mbili, itafanya kazi. Hata huu, kwa amplifaya ndogo ya spika za milango, toa fyuzi ya 80 weka ya 30, utadumu. Nilikuwa karibu kuipa nyota tatu.

Halafu nikaupima waya mweusi wa bodi, ule unaofungwa kwenye bati la gari. Mwembamba kuliko mwekundu! Umeme unaokwenda ndio huohuo unaorudi. Waya wa bodi unatakiwa uwe na unene uleule, usizidi nusu mita, ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Tena kishikio cha fyuzi wamekifunga mita nzima kutoka kwenye kichwa cha betri, wakati isizidi sentimita 45. Kipande chote hicho hakina ulinzi, na ndani ya seti hawakuweka hata raba ya kuvalisha tundu la ukuta wa injini. Bati la pale lina makali. Likichana ganda kabla ya fyuzi, betri yote inamwagika kwenye bodi ya gari na hakuna cha kuizuia. Nyota moja, na hiyo ni ya RCA.

Kabla hujalipa, omba wakukatie uzi mmoja, uuwashie kiberiti cha gesi. Kopa itawiva nyekundu na kubaki ilivyo. Alumini inajikunja na kuwa kitone. Akikataa kukata, tembea. Mimi sasa nanunua kwa mita waya wa mashine ya kuchomelea, milimita 25: ni laini, unapinda vizuri chini ya zulia, na nao naupitisha kwenye kiberiti kwanza.

Dukani walikubali kunifidia kitu kimoja, fyuzi mpya. Ya 100.