Biblia ya maandishi makubwa niliyomnunulia mama hapa Kisumu

Naandika hii juu najua kuna mtu sai anauguza mgonjwa na anashindwa ampelekee nini wodini zaidi ya uji. Mpelekee Biblia, lakini iwe ya maandishi makubwa. Hii yetu ni ya Kiswahili, ile Union Version ya 1952 ambayo wengi tumekua nayo, niliitoa kwa duka moja ya vitabu Oginga Odinga Street, 1,700. Mama alilelewa Nakuru kwa nyumba za reli kwa hivyo Kiswahili ndio lugha anaombea, na alikuwa amelazwa wiki ya tatu, sukari imemmaliza macho, ile Biblia yake ya zamani alikuwa anaishika tu kifuani bila kuifungua.

Wageni walikuwa wanakuja, wanamsomea Zaburi 23, wanaomba, wanaenda. Naipenda sana hiyo Zaburi. Lakini usiku mama alikuwa analia na mguu na hakuna mtu alikuwa amemsomea kitu inafanana na vile anaskia. Siku nilimletea hii akavaa miwani akatafuta Zaburi 88 mwenyewe, akasoma polepole na kidole mpaka mwisho, "nao wanijuao wamo gizani", akaniuliza, "Imeishia hapo?" Nikamwambia ee mama, imeishia hapo. Akanyamaza kitambo alafu akasema, "Basi huyu pia alichoka, na bado alikuwa anaongea na Mungu." Tangu alazwe hiyo ndio siku niliskia sauti yake ikiwa yake.

Alafu akaingia Maombolezo na hapo ndio alikaa. Ni watu wametoka kuona Yerusalemu ikibomolewa, watoto wanazimia na njaa njiani, hakuna mahali wanaficha. Sura ya 3 mstari wa 18 mtu anasema nguvu zake zimepotea, na tumaini lake kwa Bwana pia. Ukifika wa 21 huyo huyo anasema "kwa hiyo nina matumaini". Mistari mitatu tu! Na hapo katikati hakuna kitu imebadilika, mji bado ni magofu, ni vile amekumbuka tu kwamba rehema za Bwana hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi. Kwa hii Biblia hiyo yote iko kwa ukurasa moja, unaiona bila kugeuza. Mama alikuwa anaisoma saa kumi na moja alfajiri kabla nesi aje kumdunga kidole, mimi nimelala kwa kiti naskia tu anavyonong'ona "mpya kila siku asubuhi", na sindano inakuja hivyo hivyo, na mguu unauma hivyo hivyo, lakini alikuwa amewacha kuniambia anataka kufa.

Makosa iko. Zipu ya kava ilikwama wiki ya pili, karatasi ni nyepesi mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana kwa taa ya wodi, na ni nzito, mgonjwa akiwa na dripu mkononi lazima umwekee mto chini. Chukueni ile ya kava ngumu bila zipu, na muombe wafungue muone maandishi kabla ya kulipa.

Mama yuko nyumbani sai. Amekunja kona ya Maombolezo 3 na hataki mtu ainyooshe.