Programu zilizobaki kwenye laptopu yangu ya kazini

Kijana aliyekuja field ofisini kwetu alifungua laptopu yake, mpya, bado ina plastiki kwenye kifuniko, akaniuliza: "Dada, niweke programu gani kwanza?" Nikatazama yangu: ThinkPad T480 ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, RAM GB 8, betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa. Kwa miaka mingi nimeweka na kufuta humo kila kitu kinachosifiwa. Zilizobaki zimebaki kwa sababu moja: umeme ukikatika saa nane mchana, na bando likaisha saa nane na dakika tano, zinaendelea na kazi.

Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kazi yako, haina mjadala. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kazi hiyo hiyo. Wengi huichukulia kama njia ya kupandisha kazi mtandaoni tu, lakini kila mwenye nakala ya mradi ana historia yake yote kwenye diski yake mwenyewe. Nimeshafanya kazi nzima ndani ya basi la Mwanza kwenda Bukoba, nikahifadhi hatua kwa hatua bila hata baa moja ya mtandao. Tena kuna amri ya git bundle, inayofunga mradi wote kuwa faili moja unalolitia kwenye flashi na kumpa mwenzako mkononi. Bando lisilotaka bando. Kijana alicheka, mimi nimeitumia mara tatu na wala sikuwa nacheka.

Sasa Vim, kihariri cha maandishi. Najua, najua. Lakini ifungue tupu, bila faili, usome yanayotokea katikati ya skrini: ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Nililiona mwaka mzima nikidhani ni utani wa watu wa kompyuta. Siku moja nikaandika :help uganda. Nikakuta habari za Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, karibu na Tanzania, eneo la Rakai. Mimi ni mtu wa Kagera. Rakai kwetu ni ng'ambo ya mpaka wa Mutukula tu, ni majirani wanaopanda migomba kama sisi, na UKIMWI uliowaachia yatima ulituachia na sisi. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alikwenda huko kujitolea mwaka 1994 katika kazi za maji na usafi, na aliporudi kwao hakuwasahau. Programu ni bure. Ikikufaa, changia kituo cha watoto. Humo humo limetajwa shirika la Canada linaloshughulikia wafadhili wa watoto hao, linaitwa Kuwasha. Kiswahili kitupu, ndani ya kihariri cha Mholanzi! Moolenaar alifariki Agosti 2023, na ombi lake bado liko pale pale.

Haya, hisia kando. Vim ni ngumu. Wiki ya kwanza utaichukia, na kutoka ndani yake ni mtihani unaojulikana dunia nzima. Lakini inawaka papo hapo, haili RAM, na imo kwenye karibu kila seva niliyowahi kuingia. Zaidi ya hapo, ukitulia sekunde 4 au ukigonga herufi kama 200, inaandika pembeni ulichofanya hata kama hujahifadhi.

VS Code, kihariri kingine, ninayo pia, nikiri. Kwa kumwelekeza mtu mnapokaa wawili, au kutafuta kosa mstari kwa mstari, ni nzuri kweli. Ila imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake mna kivinjari cha Chromium, kwa hiyo ukiifungua sambamba na kivinjari chenye vichupo ishirini kwenye GB 8, usishangae feni ikianza kuimba.

Ya kujaribia API, yaani njia ya programu moja kuiomba nyingine data, nilikuwa na programu moja maarufu, sitaitaja. Asubuhi moja ilijisasisha, ikagoma kunionyesha maombi niliyoyahifadhi mwenyewe mpaka nijiandikishe, mtandao umekata, na mteja yuko kwenye kiti mbele yangu. Nikahamia curl, inayotuma maombi hayo kwa amri za maandishi, kazi ya Msweden Daniel Stenberg tangu 1998. Maombi yangu sasa ni mafaili ya maandishi ndani ya Git, na hakuna anayeniuliza nywila kuyasoma.

Kwa kuingia na kufanya kazi kwenye seva za mbali ni mosh na tmux, na zote mbili lazima ziwekwe kwenye seva pia. Mosh inavumilia ukihama kutoka wifi ya ofisini kwenda kwenye simu. Tmux inakutunzia kazi yako kule kule hata ukipotea siku mbili. Zeal inaweka nyaraka za lugha za programu kwenye diski: pakua usiku bando likiwa rahisi, soma mchana. Nywila zote ziko KeePassXC, faili moja lililofungwa, nakala yake kwenye flashi. Docker, inayoendesha programu zikiwa kwenye vifurushi vinavyojitegemea, nimemwambia kijana asubiri mpaka mradi uitake, maana kupakua vifurushi hivyo kunamaliza bando kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Aliweka zote nilizomwambia, isipokuwa Vim. Jioni akabadili mawazo, akaifungua, akaandika nusu ukurasa, akashindwa kutoka. Aliona aibu kuniita, akabonyeza kitufe cha kuzima mpaka laptopu ikafa. Asubuhi alipolifungua lile faili, Vim ikamuuliza kama arejeshewe alichoacha. Nusu ukurasa wote ulikuwepo.

"Dada," akasema, "sasa natokaje?"