Revo Uninstaller ya bure: nzuri kwa mashine za steshenari, ila soma kabla ya kufuta

Kompyuta nyingi za steshenari za Ngamiani hapa Tanga ni za mtumba, na diski zake zimejaa programu za mwenye mashine wa kwanza na wa pili. Ukiziondoa kwa Control Panel, mabaki hayatoki: folda ndani ya ProgramData na AppData, funguo za rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), hata huduma, yaani programu za chinichini, zinazoendelea kuwaka pamoja na Windows. Revo ya bure, programu ya kuondoa programu nyingine, inayatafuta mabaki hayo vizuri. Chukua toleo lisilohitaji kusakinishwa, kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, ulitie kwenye flashi.

Kwanza hakikisha kuna njia ya kurudi. Revo hujaribu kuweka restore point (alama ya kurudisha mfumo ulivyokuwa) kabla ya kuanza, lakini mashine nyingi za Windows 10 zina System Protection, inayohifadhi alama hizo, iliyozimwa, kwa hiyo hakuna kinachohifadhiwa. Andika "Create a restore point" kwenye Start, chagua diski C, bonyeza Configure, iwashe na uipe kama GB 5. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) usiiguse siku umeme unacheza.

Revo huita kwanza kiondoaji cha programu yenyewe. Kikikuomba uzime na kuwasha kompyuta, kataa kwa sasa, rudi Revo, chagua kiwango cha utafutaji cha Moderate, kisha Scan. Orodha ya rejista hutangulia: yanayofutwa ni yale ya maandishi mazito tu, mengine yanakuonyesha njia. Baada yake huja faili na folda, na hapo ndipo watu huumia, kwa sababu mkono unakimbilia Select All.

Soma njia nzima ya kila folda. Ukiondoa Thunderbird, folda ya Profiles iliyo ndani ya AppData\Roaming\Thunderbird ndiyo yenye barua pepe za mteja. Ya Firefox ina alamisho na nywila zake. QuickBooks huweka vitabu vya hesabu kwenye faili za .QBW, mara nyingi chini ya Public Documents. Kwa Revo, inayojua jina la folda tu, hayo yote ni mabaki. Kwa mwenye duka ni hesabu za mwaka mzima. Nakili pembeni kwanza. Kilichofutwa kwa kawaida huenda Recycle Bin, basi usiimwage mpaka mashine itumike siku kadhaa. Faili iliyoshikiliwa na Windows itaondoka ukiwasha upya.

Kiwango cha Advanced hakina haja kwa kazi ya kawaida. Kinaleta vitu vingi zaidi, na uwezekano wa kugusa kinachotumiwa na programu nyingine unapanda. Visual C++ Redistributable (faili za Microsoft ambazo programu nyingine huzitegemea) hata zikiwa sita kwenye orodha, ziache. Vivyo hivyo folda ya C:\Windows\Installer: ni kubwa na inatamanisha, lakini ukiifuta, programu nyingine hazitakubali kurekebishwa wala kuondolewa.

Revo haifai kwa kila kitu. Antivirasi iondoe kwa kifaa cha mtengenezaji wake; ya Avast huendeshwa vizuri zaidi Windows ikiwa kwenye Safe Mode (hali ya kuwaka na vitu vya msingi tu). Draiva za printa zilizobaki zina mlango wao: bonyeza Win+R, andika printui /s /t2, chagua draiva, Remove, kisha draiva pamoja na kifurushi chake. Ikidai inatumika, zima na kuwasha huduma ya Print Spooler, inayopanga foleni ya uchapishaji, ujaribu tena.

Kasoro ya toleo la bure ni moja kubwa: programu ambayo haionekani tena kwenye orodha huwezi kuilazimisha, maana Forced Uninstall ni ya toleo la kulipia. Na asikudanganye mtu kwamba kusafisha rejista kutaifanya mashine ikimbie. Faida unayoipata ni nafasi ya diski na huduma zisizojiwasha ovyo. Kama una programu kumi za kutoa kwa mpigo, Bulk Crap Uninstaller, nayo ya bure, inafaa zaidi: inakuonyesha ina uhakika kiasi gani kwa kila baki, na yenye shaka huyaacha bila tiki.