Wiki mbili na miwani ya VR: nimeingia ndani ya pampu

Mi ni fundi wa pampu za umwagiliaji huku pembeni mwa ziwa upande wa Magu, nimezifungua nyingi sana ila sikuwahi kuona kinachotokea ndani pampu ikiwa inazunguka, mpaka niliposoma kozi fupi kwenye chuo kimoja Mwanza mjini, wanafundisha maabara kwa miwani ya VR (ukiivaa unajiona upo ndani ya picha ya kompyuta) na pacha wa kidijitali.

Pacha ni hivi, mezani kuna pampu ya kweli inavuta maji, imefungwa sensa za presha na mtiririko, namba zinaingia kwenye kompyuta muda huohuo, na pampu unayoiona kwenye miwani inafanya kilekile. Mwalimu akabana vali ya upande wa kunyonya, mi nimevaa miwani nimesimama mlangoni kwa impela kabisa, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji, nikaona mapovu yanazaliwa maji yanapoingia kwenye mapanga halafu yanapasukia kwenye chuma, na huku masikioni pampu ya kweli inalia kama kokoto kwenye sufuria. Jamani ule mlio naujua miaka yote, na miaka yote nilikuwa nabadilisha beringi! Iliniuma, maana kuna wateja wamelipa hela ya beringi bure kumbe tatizo ni pampu imekaa juu mno kutoka kwenye maji, inanyonya kwa shida mpaka mapovu yanatokea.

Siku ya tatu pampu inalia ila kwenye miwani hamna hata povu moja. Tumehangaika mpaka mchana, kumbe programu imekuja na presha ya hewa ya usawa wa bahari, wakati ziwa letu lipo kama mita 1,134 juu ya bahari. Kule pwani hewa inasukuma maji juu mita 10.3 hivi, huku ni kama 9 tu, hapo hujatoa kinachopotelea kwenye bomba. Mwalimu akabadilisha ile namba, mapovu yakatokea. Hilo somo peke yake limerudisha ada yangu.

Ubaya upo. Ukizidisha dakika 20 kichwa kinazunguka, dada mwenye rasta nyingi miwani haimkai, na kukaza nati humo usijidanganye, kontrola, kile kishikio cha mkononi, inatetemeka tu mkono hausikii kitu, kazi ya spana ifanyieni kwenye chuma.

Jumamosi nimeshusha pampu ya mama mmoja wa nyanya mita moja na nusu karibu na maji, beringi sijagusa, mlio umekata.