Mti Mwembamba wa Mbele ya Nyumba: Kagua Kiriba Kabla ya Majani

Tangu masika yaishe nimepokea malalamiko yanayofanana kutoka Goba, Tegeta na Kimara, Dar es Salaam: mwashoki, mti mwembamba wa mapambo, ulionunuliwa ukiwa mrefu kuliko mtu ulipandwa kando ya geti, ukadumaa mwaka mzima au miwili, kisha upepo wa mvua ukaulaza chini na mizizi yake yote. Wanunuzi hao walitazama urefu na rangi ya majani, na hakuna aliyeonyeshwa mizizi.

Kuhusu kivuli na mandhari sitasema neno, kwa kuwa muuzaji atakueleza hayo bila kuulizwa. Ninachotaka mnunuzi akishikilie ni mzizi uliojisokota ndani ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki unaooteshewa mche. Mche ukikaa katika kiriba chembamba kupita muda wake, mzizi mkuu hufika chini, hukosa pa kwenda na kuanza kuzunguka. Na hata baada ya kupandwa, mzizi huo haunyooki tena, bali huendelea kunenepa katika mzunguko uleule, ukiibana mizizi mingine na kuunyima mti uwezo wa kushika ardhi. Huko juu majani yanaweza kubaki mabichi kwa muda mrefu, ndiyo maana kasoro hii huja kugunduliwa wakati fedha imeshakwenda na mti umeshakuwa mzito.

Mwombe muuzaji akinyanyue kiriba mbele yako. Ukisikia mizizi ikikatika, mche huo ulishatoboa kiriba na kuota katika ardhi ya bustani, na sehemu nzuri ya mizizi yake inabaki hapohapo. Mwambie pia afungue kamba inayoushikilia kwenye fito: mche wenye afya husimama wenyewe, shina likiwa nene chini na kupungua kuelekea juu, ilhali uliorefuka kwa kusongamana na wenzake huinama papo hapo. Kisha fukua udongo wa juu kwa kidole mpaka uguse mzizi wa kwanza wa pembeni; ukiukuta umelizunguka shina kama mkanda, rudisha udongo na uutafute mche mwingine. Mimi huchagua mche unaofika kiunoni ulio katika kiriba kipana, na siugusi ule wa mita 3 uliobanwa katika kiriba cha miche ya miezi michache.

Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na pwani yote, chaguo la kwanza ni mwashoki wenye matawi yanayoning'inia, na ninaupendelea waziwazi. Ni mti wa asili ya India na Sri Lanka, wa ukoo mmoja na mstafeli. Matawi yake hushuka karibu kabisa na shina, hivyo mti unaoweza kupita mita 10 hauli nafasi ya uwanja, na joto la pwani haliusumbui. Usiupande chini ya nyaya za umeme, kwa sababu ukikatwa kilele huchipua ovyo na kupoteza umbo ulilolilipia. Ukikomaa huzaa matunda madogo meusi yanayopendwa na popo, ambao huacha mbegu na uchafu chini yake. Kwa hiyo uwe mbali na unapoegesha gari.

Kwa Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi, nafasi ya pili naipa saiprasi nyembamba, ile iliyotoka nchi za mashariki ya bahari ya Mediterania. Haivumilii udongo unaotuamisha maji. Jamii ya saiprasi ina adui wake pia: vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990 waliyakausha mashamba makubwa, kwa hiyo fungua matawi ya ndani na uukatae mche ulioanza kugeuka rangi ya kahawia humo.

Podo, mti wetu wenyewe wa Usambara, nauweka wa tatu kwa sababu hukua polepole na lazima upunguzwe kwa mkasi ili ubaki mwembamba. Mvinje na mgrevilea ni rahisi kwa bei, lakini ni miti ya shambani na ufukweni, si ya uwanja mdogo. Mfikusi usikaribie kabisa ukuta wala shimo la maji taka.

Linalonikera zaidi ni kwamba bei hupangwa kwa urefu, kwa hiyo mche uliozeeka bustanini bila kupata mnunuzi huuzwa ghali kuliko mche mzima. Wapo wanaouhamishia mche huo katika kiriba kikubwa siku chache kabla ya kuuza, na mteja analipia udongo mpya ambao mizizi haijaugusa. Bonyeza pembeni: udongo ukiporomoka wakati katikati pamekaza kama tofali, umeshajua. Ukinunua miche mingi, lipia mmoja wa ziada na uuchane palepale uone mizizi yake. Muuzaji anayekataa fedha ya mche wake asipewe hata ya mingine.

Siku ya kupanda, mwanzoni mwa masika au vuli, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, uvue kiriba chote badala ya kukitoboa tu, na ukate kwa wembe mizizi iliyojikunja chini kabla ya kurudishia udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri.