Kutu ya meli: nyundo ya fundi au droni?

Ukisimama gatini Mtwara msimu wa korosho, meli inang'aa rangi mpya. Usidanganyike. Kutu hujificha ndani, hasa kwenye matangi ya maji ya kuipa meli uzito, ambako maji ya chumvi huingia na kutoka.

Njia ya zamani ni fundi, tochi na nyundo. Anagonga bati: likilia kama kengele, chuma ni kizima; sauti ikiwa butu na magamba mekundu yakadondoka, kuna kazi. Hapo anakwangua, anapaka jeli kidogo na kuweka kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene wa chuma kwa milimita. Shida ni kumfikisha. Tangi lililofungwa muda mrefu linaweza kuua, maana kutu yenyewe hula oksijeni. Hewa ipimwe kwanza, ndipo jukwaa la kupandia lijengwe.

Droni haihitaji jukwaa. Huruka ikiwa imezungukwa na kizimba chepesi kinachoikinga isiharibike ikigusa kuta, hupiga picha kona zote, na programu iliyofunzwa kwa picha nyingi za kutu hutia alama penye shaka. Ni haraka, na mwaka ujao unalinganisha picha. Lakini kamera huona uso tu. Chuma kinacholika chini ya rangi huiponyoka, na doa lililotiririka kutoka juu huichanganya.

Mimi ningetanguliza droni kwenye matangi marefu, kisha fundi aende na kipimo chake palipotiwa alama. Kwa tishari dogo ambalo fundi hulimaliza asubuhi moja, droni ni mbwembwe.